Masomo ya Wiki kwa Mwamvita

Kasongo, siku ya Mungu, 29 Mei 1955

Mwamvita ndugu yangu,

Nilianza barua hii kwa kuandika Emilienne, nikafuta, utaiona ile alama ya wino. Shuleni bado wanasema Emilienne wakikutaja, lakini shuleni haupo tena, basi nakuita jina la kwenu. Uko muzima? Kamyo iliwafikisha Kabambare siku ileile, ama mulilala njiani? Shangazi Nuru anakutunza vizuri?

Pahali pako kwenye benchi Sista hajaweka mutu. Nakaa peke yangu na ninatandaza viwiko vyangu kama mutu mwenye shamba kubwa, lakini sifurahi. Ulipopanda kamyo uliniambia: "Louise, uniandikie kila kitu wanachofundisha. Kila wiki. Usiniache nyuma." Basi haya ndiyo masomo ya wiki.

Hesabu: kugawanya sehemu kwa sehemu. Ile ya pili unaipindua, ya chini iende juu, halafu unazidisha. Robo tatu ukigawanya kwa nusu unapata moja na nusu. Mimi sikuelewa kwa nini kugawanya kunaleta kitu kikubwa zaidi. Wewe ungeuliza. Mimi nilinyamaza.

Kifaransa: imparfait. Je parlais, tu parlais, il parlait. Sista anasema ni wakati wa mambo yaliyokuwa yanaendelea.

Jiografia: mito ya Ubelgiji, Meuse na Escaut. Sista aliuliza mto mukubwa ni upi, darasa lote likajibu Lualaba.

Usafi: maji ya kunywa yachemke, chombo kifunikwe kwa sababu ya nzi. Kushona: tundu la kifungo. Langu lilikuwa kama kidonda, Sista akalifumua lote.

Historia hatukusoma sana.

Mama Célestine anakusalimu. Kila saa sita akitupakulia chakula ananiuliza, "Mutoto wangu ameandika?" Ninamwambia barua ziko njiani. Umuandikie neno, hata moja.

Rafiki yako,
Louise


Kabambare, 8 Juni 1955

Louise,

Barua yako imefika na dereva Kasimu, imekunjwa ndani ya kofia yake, inanuka jasho, lakini nimesoma kila neno mara nne. Asante mingi. Tulifika siku ileile, na vumbi mpaka ndani ya meno.

Sasa sikiliza.

Kugawanya sehemu: usiandike mufano mumoja, andika mitano, na moja iwe ngumu. Na jibu lako hili hapa. Ukiwa na kitambaa cha kikwembe cha robo tatu, na unataka kujua vipande vya nusu viko vingapi ndani yake, ni kimoja na nusu ya kingine. Huhesabu kikwembe, unahesabu vipande. Ndiyo maana inakuwa kubwa.

Imparfait: niandikie pia finir na être.

Historia: umeruka. Mimi nakijua kile kitabu, nilikipindua mpaka mwisho mwezi wa kwanza. Baada ya safari za Wazungu kwenye mto inakuja vita ya Waarabu. Usinifiche kitu. Kama wamesema vibaya juu ya babu zetu, nataka kujua wamesema nini na kwa maneno gani.

Na neno la mwisho. Usiniletee tena salamu za Mama Célestine.

Nimefikiri jambo hili tangu siku ile Sista aliponisimamisha mbele ya darasa na kusema ninadanganya Mungu wawili. Nani alijua ninafunga? Ni watu wawili tu. Wewe, kwa sababu sahani yangu ya saa sita ulikuwa unaila wewe. Na Mama Célestine, mupishi, kwa sababu anaona kila mudomo unaotafuna. Wewe ulikula chakula changu siku kumi na mbili. Ukinisema, unajisema. Basi ni nani amebaki?

Unajua yeye ni nani kwangu. Mama yangu alikufa nikiwa na siku tisa. Nyumba ya pili kulikuwa Mama Célestine, Mukristo, na Grégoire wake kwenye ziwa moja. Akanipa la pili. Kwa dini yetu yule ni mama kabisa, Grégoire hawezi kunioa mpaka mwisho wa dunia. Baba alikuwa anamushonea nguo kila Idi na kila Noeli bila kumudai kitu. Sasa mama huyo amenitoa shuleni. Labda aliogopa kazi yake. Labda padri alimuuliza kwenye maungamo. Sijali. Baba ameacha kumusalimu, na amefanya vizuri.

Mwamvita binti Ramazani


Kasongo, 19 Juni 1955

Mwamvita ndugu yangu,

Mifano mitano iko kwenye karatasi ya nyuma, ya tano ilinitoa machozi. Finir na être ziko chini yake. J'étais, tu étais, il était.

Historia ninaandika kama Sista alivyosema, si maneno yangu. Alisema zamani Waarabu walishika Nyangwe na Kasongo na Kabambare, wakakamata watu na kuwauza, na vita ya Wabelgiji kutoka mwaka 1892 mpaka 1894 iliwafukuza, na ndiyo maana leo tuko huru na tunasoma. Halafu akasema tuandike: "Kwa nini tunashukuru?" Mutu mumoja aliandika ukurasa muzima. Mimi niliandika mistari mitatu, nikatazama pahali pako.

Jiografia tumeendelea na makaa ya mawe ya Ubelgiji. Watu wanashuka chini ya ardhi kama wale wanaochimba dhahabu Salamabila. Usafi: namna ya kumuosha mutoto muchanga. Dini: amri ya nane, usimushuhudie jirani yako uongo.

Juu ya ile habari ya Mama Célestine sijui niseme nini. Mutu hawezi kujua ya moyoni mwa mwingine. Labda ni mutu mwingine kabisa, labda Sista aliona mwenyewe. Ulikuwa umekonda.

Mama mwenyewe amejua kwamba unamushitaki. Baba yako alipita mbele yake sokoni kama anapita mbele ya muti, akaelewa. Mama iko na kikohozi tangu wiki mbili, lakini bado anapika. Jana aliniita jikoni akafunga mulango. Akasema, "Wewe unajua kuandika, mimi ninajua kusema. Kaa." Nimeandika yote, sikupunguza. Iko ndani ya bahasha hii. Tafadhali usome.

Louise


(Karatasi iliyokuwa ndani)

Mwamvita mutoto wangu,

Mimi Célestine ninasema, Louise anaandika. Nimesikia unasema ni mimi. Nimeketi na neno hilo siku tatu, silali, sili.

Mutoto wangu, mimi nilijua unafunga tangu siku ya kwanza. Ninapika miaka kumi na moja, sahani ya mutu asiyekula ninaijua hata ikirudi tupu. Nilifanya nini? Nilikuwa ninaweka kando samaki, ninamupa Grégoire, analeta kwenu jua likizama. Ulifikiri baba yako ndiye alikuwa ananunua wale samaki? Muulize. Mutu anayekuwekea futuru yako anakwenda kukusema kwa Sista?

Sikusema. Ninaapa kwa msalaba wangu, na kama hautaki wa kwangu ninaapa kwa Mungu wako, ni yuleyule.

Unitumie neno. Hata la kunitukana, nitajua unaniongelesha.

Mama yako Célestine


Kabambare, 29 Juni 1955

Louise,

Nimesoma. Samaki nilijua. Baba aliniambia zamani, na ndiyo inayonikata zaidi. Yule aliyetuma samaki ndiye alikuwa anajua hesabu ya siku zangu zote.

Umwambie hivi, na umusomee kama nilivyoandika: yale maziwa, kama ningeweza kuyatoa mwilini mwangu, ningeyatoa leo nikayamwaga barabarani. Basi. Ametaka neno, nimemupa.

Sasa nikuambie kitu ambacho nilikuwa ninakificha, niliogopa utacheka. Barua zako sizisomi peke yangu. Iko wasichana watano wa hapa, wa familia zetu, ambao shule haiwachukui kwa sababu hawataki kubatizwa, na chuoni kwa Mwalimu Faradji wanasoma Kurani tu. Asubuhi wakitoka chuoni wanakuja kwenye baraza ya Shangazi Nuru. Ninaandika kwa mukaa kwenye mulango wa zamani. Unachoniandikia siku ya Mungu, wao wanakisoma wiki inayofuata. Wanaimba j'étais, tu étais mpaka watu wa sokoni wanaimba nao bila kujua maana. Yule mudogo, Feza, ana miaka tisa, anagawanya sehemu kuliko wewe. Usikasirike.

Historia niliwasomea yote. Feza akanyoosha mukono, akauliza, "Dada, hao Waarabu ni sisi?" Nikamwambia ndiyo na hapana. Baba wa babu yangu alikuwa Mumanyema aliyekamatwa na kuuzwa hapahapa, akasilimu, halafu yeye mwenyewe akashika bunduki ya wale waliomuuza. Nikawaambia hiyo kitabu cha Sista hakina. Halafu tukarudi kwenye hesabu.

Basi usipunguze. Tuma mingi. Sasa ni watu sita wanaokungoja.

Rafiki yako, wa pekee aliyebaki Kasongo,
Mwamvita


Kasongo, 17 Julai 1955

Mwamvita,

Leo hakuna masomo. Shule imefunga juzi.

Mama Célestine amekufa, siku ya Posho, Jumamosi, tarehe 9, saa nne asubuhi. Kikohozi kilishuka kifuani. Walimupeleka hospitali siku ya Alhamisi, akakataa kulala kitandani kwa sababu kilikuwa kirefu, akalala kwenye mukeka wake. Tulimuzika kesho yake, siku ya Mungu. Baba yako alikuja, akasimama mbali, nyuma ya watu wote, na kofia yake mukononi.

Ninajua hili ni jambo la kukupa kwanza na kukuacha ulie. Lakini nikingoja nitaogopa tena, na nimeogopa tangu mwezi wa tano.

Si yeye. Ni mimi.

Nitakuambia ilivyokuwa. Tarehe tano Mei Sista aliniita kwenye chumba cha kushonea nimusaidie kupanga nyuzi. Hakunipiga, hakunitisha. Aliniuliza kwa upole: "Emilienne anakonda. Ni mugonjwa?" Ningesema sijui. Ningesema ni malaria. Neno lilikuwa tayari mudomoni mwangu kama lilikuwa linangoja kuitwa. Nikasema, "Hapana, Sista, anafunga." Akauliza, "Chakula chake?" Nikasema, "Anakitupa." Hata hilo nilidanganya, na mafuta yake yalikuwa bado kwenye vidole vyangu.

Utajiuliza kwa nini. Mimi pia. Asubuhi ile walikuwa wamesoma alama za insha. Wewe wa kwanza, mimi wa pili. Kama mwezi wa nne, kama mwezi wa tatu, kama tangu tulipoanza. Wewe hata hukuinua kichwa, ulikuwa unachora kitu pembeni ya kaye. Ni hilo tu. Nilitaka siku moja nione namna inavyokuwa. Nilifikiri watakuadhibu, watakufagiza uwanja. Sikufikiri watakufukuza. Lakini nilipoona wanakufukuza sikufungua mudomo, na uliponiandikia "ukinisema, unajisema", nilishukuru. Ndiyo, nilishukuru. Uniandikie mabaya yote unayotaka, hilo ndilo baya zaidi.

Mwisho wa mwaka nilikuwa wa kwanza. Walinipa kitabu, watu wakapiga makofi, na Mama Célestine hakuwa jikoni.

Iko jambo lingine. Barua yako ya tarehe 29 ilifika yeye ameshalala chini. Nilikwenda kwake hospitali. Grégoire alikuwa anamupepea. Akaniona na bahasha, akajaribu kukaa, akasema, "Ameandika? Soma. Soma pole pole." Nikafungua. Nikaona yale maneno ya maziwa. Mwamvita, sikuweza. Nilishika karatasi yako mbele ya macho yangu na nikasoma kitu ambacho hakikuandikwa. Nilisema: "Mama yangu, najua si wewe. Nilikuwa na hasira, nilikuwa sijui niitupe wapi. Nikija Kasongo nitalala kwako. Mutoto wako, Mwamvita."

Akasema, "Rudia pale pa kulala." Nikarudia. Akacheka mpaka kikohozi kikamushika. Akamwambia Grégoire amupikie uji, akanywa nusu ya kikombe, karatasi yako mukononi mwake.

Akafa siku mbili baadaye.

Nilikwenda kwa Sista, nikamwambia nilidanganya juu ya chakula, aliyekula ni mimi. Akasema niungame, lakini kufunga ulifunga, hilo halibadiliki. Nilikwenda pia kwa baba yako. Alikuwa anashona. Nilisema yote nimesimama mulangoni. Hakusimamisha mashine. Nilipomaliza akasema, "Nimemupita sokoni. Nimemupita nikiwa ninamuona."

Sijui nisaini namna gani.

Louise


Kabambare, 28 Agosti 1955

Louise,

Barua yako ilikaa na mimi mwezi mzima. Nilianza majibu mara nyingi, Shangazi aliyawashia moto wa chai.

Uliniona. Najua uliniona. Tulikuja Kasongo kwa arobaini ya Mama, mimi na Shangazi, na Baba akatupokea barabarani. Ulikuwa kwenye mulango wa jikoni, umebeba maji, ukanitafuta macho. Sikukupa. Si kwamba nilisahau.

Niliketi kwenye mukeka na wanawake wa kanisa. Walinipisha katikati, pahali pa binti. Hakuna aliyenikatalia. Mumoja akanifunga kitambaa cha kilio kichwani na mikono yake mwenyewe, akasema, "Wewe ndiwe uliyemuandikia? Alituambia wote. Kila aliyeingia alimwambia: mutoto wangu ameniandikia, atakuja kulala kwangu." Na Grégoire akanitolea barua. Ile yangu. Mama alikuwa ameiweka chini ya mukeka wake, chini ya kichwa. Grégoire hajui kusoma Kiswahili changu cha mukono, anasoma maandishi ya kitabu tu, na ya kitabu pole pole. Akaniambia, "Chukua, ni yako, ama niizike kaburini?"

Louise, nilishika ile karatasi mbele ya watu. Alilalia maneno yale. Siku mbili nzima alikuwa ameweka kichwa chake juu ya neno langu la kumwaga maziwa barabarani, akicheka.

Nilimwambia Grégoire ninaichukua. Nikalala pale usiku ule kwenye mukeka wake, kwa sababu wewe ulikuwa umemuahidi kwa jina langu. Sikulala usingizi. Asubuhi nikaichoma jikoni, na Grégoire akaniuliza kwa nini ninalia hivyo, na sikumwambia. Sitamwambia. Sasa huo uongo ni wangu pia, nitaubeba mpaka mwisho.

Nimejaribu kuhesabu. Uongo wako wa kwanza ulinitoa shuleni, ukaniondolea mama mbele ya macho yangu na yeye iko hai. Uongo wa pili ulimupa kifo kizuri. Ninataka kukushukuru kwa wa pili na mukono unakataa. Ninataka kukulaani kwa wa kwanza, na ninajikuta mimi ndiye niliyeandika ile barua, si wewe. Ulinisingizia mbele ya Sista, lakini mimi, bila kuulizwa na mutu, nilimusingizia aliyenipa ziwa. Hakuna aliyenishika mukono. Nilijiona ninajua hesabu.

Siwezi kukusamehe sasa. Sijui kama nitaweza. Usije Kabambare. Usiniandikie habari zako, wala kwamba unanikumbuka, wala kwamba unalia.

Lakini wasichana sasa ni tisa. Mwalimu Faradji mwenyewe ameleta binti wa ndugu yake. Mimi nimewapa yote niliyokuwa nayo, tangu wiki ya pili ya Agosti ninarudia yaleyale, na Feza amechoka, ananiuliza mbele iko nini. Kitabu cha mwaka wa tatu mimi sina. Shule inafungua wiki ijayo.

Tuma masomo. Masomo tu, kila wiki, mifano mitano. Chini usiandike rafiki yako. Andika jina lako, basi.

Mwamvita binti Ramazani


Kasongo, 11 Septemba 1955

Kwa Mwamvita binti Ramazani, Kabambare.

Masomo ya wiki ya kwanza, mwaka wa tatu.

Hesabu: sehemu za mia. Mia nzima ni kitu kizima. Kikapu cha mupunga cha kilo arobaini, ukitwanga unapata muchele kilo ishirini na sita: hiyo ni sitini na tano kwa mia. Mifano mitano iko nyuma. Ya nne na ya tano ni ngumu, nimeziandikia majibu mbali, kwenye karatasi iliyokunjwa, ili wasione.

Kifaransa: futur, wakati wa mambo yatakayokuja. Je parlerai, tu parleras, il parlera. Être haifuati kanuni: je serai, tu seras, il sera. Nimeiandika yote mara mbili, kwa herufi za kitabu, ili wadogo waweze kuisoma wenyewe.

Jiografia: Kongo. Tumeanza na Maniema. Ramani nimeichora kwa penseli. Kabambare nimeiweka pahali pake. Kwenye kitabu haikuwepo.

Historia: Sista alikuwa mugonjwa, hatukusoma.

Usafi: homa, na namna ya kumulaza mugonjwa wa kifua. Kichwa kiinuliwe. Apewe maji ya moto kidogo kidogo. Asiachwe peke yake.

Kushona: kola ya shati. Sikuelewa vizuri, nitauliza kesho, nitaandika tena.

Nimetia chaki sita. Kama kuna pahali hawakuelewa, waulize kupitia wewe.

Louise